Masharubu ya Rawni

Manfri Scarrott alitangaza kwamba Rawni anauzwa, na alitangaza mdomo ukiwa umejaa viazi, kwa hiyo mara ya kwanza mkewe hakumwelewa.

"Nani anauguzwa?" Mizelli aliuliza akiwa jikoni.

"Anauzwa! Rawni anauzwa! Nelus anamtaka."

Nelus, binamu yake Manfri, alikuwa amejibana upande wa pili wa meza, kofia magotini. Kila alipofika kwenye trela lao alikuja kwa ajili ya chakula, lakini siku hiyo Mizelli aliona macho yake yanachungulia dirishani. Huko nje alikuwa amefungwa farasi jike mfupi, mnene, wa mabaka meusi na meupe, manyoya ya miguu yamefunika kwato zote, na juu ya mdomo ana masharubu. Si vinywele. Masharubu kamili yaliyojipinda ncha, ya mzee anayejiheshimu.

"Nyasi za majira ya baridi hazitoshi farasi watatu," Manfri alisema baada ya kumeza. "Mimi nina wangu wa kuvuta mkokoteni. Shangazi ana yule kizee wake, na yule hauzwi mpaka mmoja wao afe. Sasa Rawni anafanya kazi gani? Kula na kupendeza."

"Hata wewe unakula," Mizelli alisema. "Na hupendezi."

Shangazi Trenit aliangua kicheko pale kitini kwake. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Manfri, mjane, mfupi, masikio yamevutwa chini na herini nzito za dhahabu, na alikuwa kiziwi wa mambo yote asiyoyapenda.

Mizelli mwenyewe hakucheka. Mama yake Rawni alikufa akimzaa, na Mizelli ndiye aliyemlea mtoto yule kwa chupa, akilala naye kwenye majani makavu mpaka jamaa wakaanza kusema huyu mwanamke sasa atalia kifarasi. Watoto wake wa kuzaa walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda na matrela yao. Aliyebaki wa kumjia mbio akisikia sauti yake alikuwa Rawni, na jina hilo alimpa yeye: bibi mkubwa, kwa lugha ya kwao. Akiondoka huyu, Mizelli alijua wazi, asubuhi atakuwa anaamkia sufuria.

Nelus aliinua mkono. Manfri akainua wake. Kila Mromani, mtu wa kabila lao hilo la matrela na farasi, anajua mikono ikiinuliwa hivyo penye farasi inatafuta nini. Ikigongana ikalia, farasi kauzwa, hata kama muuzaji kapunjika, hata kama alikuwa amelewa chakari. Karatasi huchanwa na maneno hukanwa, lakini mkono ukilia umelia.

Mizelli aliwahi. Alikuja na sahani ya nyama ya nguruwe iliyochemshwa ndani ya unga, imetoka motoni wakati huo huo, akaituliza juu ya kiganja cha Nelus.

"Shika, shemeji."

Nelus alishika. Kisha akatambua alichoshika, akaruka na sahani, akakanyaga mbwa.

"Jumamosi kuna maonyesho ya farasi kule Cropley Marsh," Mizelli alisema katikati ya kelele za mbwa na Nelus. "Wana kundi la farasi wa mabaka wa jadi. Walio bora wanavishwa ua la utepe. Nataka kumpeleka Rawni."

"Jadi ya nani?" Shangazi aliuliza.

"Yetu, Shangazi."

"Na wanaohukumu?"

"Magorja."

Shangazi alisonya. "Gorja, asiye na damu yetu hata tone, ndiye atuambie farasi wetu anatakiwa akaeje! Haya. Niwekeeni nafasi garini, nikacheke."

Mizelli aligeuka kwa mumewe. "Akipata ua, hata lile la mwisho kabisa, anabaki na hunitajii tena habari ya nyasi. Akikosa, auzwe." Akanyoosha mkono.

Manfri alimtazama Nelus anavyopuliza kiganja, akautazama mkono wa mkewe. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amekwisha kusema mbele ya binamu yake kwamba anauza, na kwa Manfri kumeza neno lake mbele ya Nelus kulikuwa kugumu kuliko kumeza mfupa.

"Akikosa, auzwe," alisema, na mkono ukalia paa.

*

Mizelli hakujua lolote juu ya maonyesho. Kwao farasi haonyeshwi akizungushwa polepole kwenye duara la nyasi. Anaonyeshwa barabarani, anatimuliwa mchakamchaka, watu wanaruka mitaroni, na anayemtaka anamkimbilia. Kwa hiyo alipiga simu kwa katibu wa maonyesho, mama mmoja mwenye sauti ya puani, akauliza kila kitu.

"Kwa farasi wa jadi, bibi, jambo kubwa ni moja," yule mama alimwambia. "Usikate hata unywele mmoja. Si shingoni, si mkiani, si miguuni, si usoni. Jaji wetu ni mkali sana kwa hilo. Na wewe mwenyewe uvae koti na kofia."

Hilo la nywele lilimfurahisha Mizelli, maana Rawni hakuwahi kukatwa chochote. Wiki nzima alimhangaikia. Alimpaka miguu mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na salfa mpaka trela zima likanuka mayai viza. Alimwosha, akamwosha tena, akamkaushia manyoya kwa vumbi laini la mbao alilolichekecha mwenyewe, na miguu ikatoka myeupe pepe. Masharubu aliyachana kwa mswaki mpya. Manfri alikuwa na mswaki uliochakaa, na jambo hilo hakulinyamazia.

Koti ndilo lilikosekana. Mwisho alivaa lile la Manfri la harusini na misibani, mikono yake ikamfunika mpaka kwenye ncha za vidole.

"Umependeza," Shangazi alisema. "Kama mtu aliyezikwa akafufuka."

Asubuhi ya Jumamosi Shangazi ndiye aliyetangulia kuamka. Mizelli alipotoka alimkuta amesimama karibu na Rawni, mikono ndani ya mifuko ya aproni, anaimba wimbo wa kanisani. Farasi alikuwa amekwisha kuvishwa mfuko wake wa majani mdomoni.

"Nimempa chai yake," Shangazi alisema. "Twendeni, tutachelewa."

Mizelli alimbusu shavuni kwa wema huo.

*

Mlangoni pa uwanja kijana mwenye fulana ya manjano aliitazama pikapu yao, akazitazama herini za Shangazi, akaonyesha kidole upande mwingine.

"Wenye vibanda vya kuuza vitu wanapita kule nyuma."

"Hatuuzi kitu," Manfri alisema.

"Bado," Nelus alinong'ona kwenye kiti cha nyuma, maana na yeye alikuwa amekuja, na kamba ya kumchukulia farasi amekuja nayo mkononi.

"Tumeleta farasi, yuko nyuma ya gari," Mizelli alisema. "Tumejiandikisha. Jina letu lipo."

Kijana alilitafuta, akalikosa, akalitafuta tena na kulipata pale pale lilipokuwa. "Na huyo farasi ni wenu kweli?"

Uso wa Mizelli uliwaka moto. Kabla hajapata la kusema, Shangazi alichomoa kichwa dirishani. "Siyo, mwanangu, tumemwiba. Tumemwosha wiki nzima ili tumrudishe akiwa safi. Fungua geti."

Kijana akafungua geti.

Waliegesha karibu na mama mmoja mwenye mashavu mekundu na farasi aliyesuguliwa akang'aa. Aliwakaribisha kwa moyo, akamwambia Mizelli asiogope, wote walianza hivyo, akamkatia keki. Mizelli alitaka kumpenda. Lakini sahani ya ile keki ilikuwa imetoka kulambwa na kijibwa cha yule mama, Mizelli ameiona kwa macho yake, na kwao chombo kilicholambwa na mbwa hakirudi mezani, kinavunjwa. Alishukuru sana. Alisema atakula baadaye, akaisukumia ile keki ndani ya mkono mrefu wa koti la Manfri, nayo ikakaa humo.

Kisha akamvua Rawni mfuko wa majani ili amfute mdomo, na ukelele alioupiga ulimfanya Manfri aangushe ndoo.

Mdomo wa juu wa Rawni ulikuwa mtupu. Mtupu, laini, wa waridi, kama kisigino cha mtoto. Rawni mwenyewe alikuwa anauchezesha huku na huku, anashangaa upepo.

"Masharubu yake yako wapi?"

Shangazi Trenit alikuwa ghafla anatazama ndege angani.

"Shangazi!"

"Mimi sisikii vizuri na hiki kipaza sauti chao cha bati..."

"Shangazi, umemnyoa farasi wangu?"

"Nimemsitiri!" Shangazi alilipuka. "Mwanamke anakwenda kusimama mbele ya watu, mbele ya wake wa kigorja na makofia yao, ana masharubu! Na jina lake eti bibi mkubwa! Unadhani hawatacheka? Mimi najua wanavyocheka. Mimi nanyoa yangu tangu siku ya harusi yangu na marehemu hakuwahi kujua, Mungu amrehemu. Nimetumia wembe wangu mwenyewe, mpya. Hata asante sikupata."

Manfri alimtazama Shangazi mdomo wa juu, akayaondoa macho haraka. Mizelli alitaka kupiga kelele nyingine lakini aliiacha, kwa sababu Shangazi alikuwa ameinua kiganja kuufunika mdomo wake mwenyewe wa juu.

"Basi," Nelus alisema kwa furaha. "Nimfunge kamba sasa, au tungoje aaibike kwanza?"

Kama angekaa kimya, huenda mambo yangeishia hapo. Lakini Manfri alikuwa tayari kumuuza Rawni, hakuwa tayari achekwe. Alimgeukia binamu yake taratibu.

"Hakuna atakayemcheka farasi aliyetoka kwangu. Shangazi, una nini ndani ya kikapu?"

Shangazi alikuwa na mkate, nyama baridi, na kopo la shira ya kupaka mkate. Manfri alichukua shira. Alikwenda nyuma ya Rawni, akang'oa fungu la nywele za mkia, akazikata kwa kisu chake cha mfukoni, akarudi mbele ametoa ulimi kwa umakini. Alimpaka Rawni shira juu ya mdomo. Alibandika nywele upande wa kushoto, akabandika upande wa kulia, akarudi nyuma kuangalia.

"Yamepinda," Shangazi alisema.

"Hata ya kwanza yalikuwa yamepinda."

"Yale yalipinda kwa heshima. Haya yanaonekana yamelewa."

Kipaza sauti kiliita farasi wa mabaka wa jadi.

*

Jaji alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeusi ngumu na glavu za ngozi. Aliitwa Bi Hesketh, na alisimama katikati ya uwanja bila kutabasamu, huku farasi na wenyewe wakimzunguka kwa adabu. Wote walikuwa magorja isipokuwa mmoja, na huyo mmoja koti lilimfika magotini na keki ilikuwa inamwagika kutoka mkononi mwake. Rawni alinyanyua miguu yake myeupe na kuituliza, akanyanyua na kutuliza, shingo imejikunja, na kwa dakika hizo Mizelli alisahau kila kitu. Alikuwa mzuri. Mungu wangu, alikuwa mzuri kuliko wote, na asiyeona hilo alihitaji miwani.

"Mchakamchaka, tafadhali," jaji alisema ilipofika zamu yao. "Nenda mpaka kwenye bendera, urudi."

Mchakamchaka Mizelli aliujua. Alibana ulimi, akavuta pumzi, akamlegezea Rawni kamba, na wote wawili wakaondoka kama barabarani siku ya soko.

"Pisheni!" alipiga kelele, maana ndivyo inavyopasa, usije ukaua mtu. "Pisheni njia! Angalieni migongo yenu!"

Mzee aliyeshika bendera aliitupa akajirusha pembeni. Jamaa kadhaa wa Kiromani, waliokuja kutazama na kusimama kwenye uzio pamoja na Manfri na Nelus, walishangilia kwa miluzi. Rawni alirudi anakoroma, mkia juu, akasimama pua yake ikiwa karibu kugusa kifua cha jaji.

"Alaa," Bi Hesketh alisema.

Alimzunguka. Alishika miguu, akapapasa manyoya, akaangalia meno. Mizelli aliona kitu kimelainika kwenye ule uso mkavu. Kisha jaji akainama kutazama masharubu, na hapo ndipo Rawni, aliyekuwa amevumilia utamu wote ule chini ya pua yake kwa muda mrefu sana, alipotoa ulimi.

Alilamba kushoto. Sharubu la kushoto likaondoka. Alilamba kulia, akalitafuna kidogo lile la kulia, hakulipenda, akapiga chafya.

Nywele zote, na shira yote, zilikwenda kwenye koti la jaji.

Bi Hesketh aliushika unywele mmoja kwa ncha za vidole vya glavu, akauinua kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Masharubu, mama," Mizelli alisema kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

Mizelli alifikiri. "Ya mkia, mama."

Waliwekwa wa mwisho. Maua ya utepe yaligawiwa, mekundu, ya buluu, ya manjano, na yaliyofuata, yakaisha kabla hayajamfikia. Yule mama wa keki alipata la kijani na kulia kwa furaha. Mizelli alisimama ameshika kamba, na kwa kuwa hakutaka Nelus amwone analia, alikuwa anayatazama manyoya ya miguu ya Rawni, meupe yale, aliyoyaosha wiki nzima kwa ajili ya mtu mwingine. Aliuma mdomo. Wiki hiyo yote hakuwahi kuamini kwamba angekosa hata ua moja.

Bi Hesketh alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu wake ulikuwa kuwaaga wote, hata walioshindwa. Alifika kwa Mizelli wa mwisho. Alivua glavu, kwa sababu zilikuwa na shira.

"Farasi mzuri sana," alisema. "Sana. Asingechezewa uso, ningempa la kwanza. Kwa kweli ningependa awe wangu."

Akanyoosha mkono.

Hapo ilikuwaje, Mizelli hakuweza kueleza vizuri hata baadaye. Machozi yalikuwa machoni, hakuona sawasawa. Aliona kiganja kitupu kimefunguka mbele ya farasi, na sikioni mwake kulikuwa na maneno *ningependa awe wangu*, na mkono wake, mkono uliolelewa masokoni tangu utotoni, haukungoja ruhusa. Ulichomoka ndani ya koti la Manfri ukarusha vipande vya keki, ukapiga.

Paa!

Ulilia hadi kwenye uzio. Rawni alitega masikio.

"Alaa! Una nguvu wewe," Bi Hesketh alisema, akakipapasa kiganja chake, akaenda zake kunywa chai.

Kwenye uzio Waromani waligeukiana. Kisha Nelus akapiga mayowe.

"Amemuuza! Jamani, amemuuza kwa jaji!"

*

"Haiwezekani," Manfri alisema. Walikuwa wamesimama karibu na pikapu, na jamaa kadhaa walikuwa wamewafuata kwa sababu habari haikuwa ya kukosa. "Bei gani?"

"Hakutaja," Mizelli alisema. Alikuwa bado anautazama mkono wake.

"Mkono bila bei ni mkono gani?" Nelus aliuliza. "Hiyo si biashara! Farasi ni wangu, tulikubaliana, akikosa ua auzwe!"

Na hapo, wakati Nelus anasema, kichwa cha Mizelli kilifunguka. Aliinua uso polepole.

"Ndiyo. Tulisema auzwe. Kauzwa."

"Kwangu!"

"Nani alisema kwako? Manfri, tulipogonga mkono ulisema auzwe kwa nani?"

Manfri alifungua mdomo. Alikuwa mkweli, hilo ndilo lililomponza. "Sikusema kwa nani."

"Wewe na Nelus mikono ililia?"

"Ilikuwa ilie. Uliweka sahani."

"Basi haikulia."

Wote walimgeukia Shangazi Trenit, maana katika mambo ya namna hiyo hakuna aliyemzidi umri pale. Shangazi alijiweka sawa aproni. Alimtazama Rawni, na ule mdomo alioupunguzia heshima, akamtazama Mizelli kwa muda.

"Mkono umelia," alisema. "Nimeusikia mimi, na uziwi wangu. Farasi ni wa yule mama."

"Nitakwenda kumwomba auvunje," Manfri alisema, akavua kofia.

Mizelli aliona hatari. Neno moja tu la yule jaji, kwamba yeye hakununua kitu, alikuwa anaaga tu, lingetosha kumpa Nelus farasi, na kamba alikuwa nayo mkononi. Alimfuata mumewe, Rawni nyuma yake, na nyuma ya Rawni Nelus, mpaka kwenye hema la chai. Manfri aliingia. Wao walibaki nje, masikio yameshikana na turubai.

"Samahani, mama," walimsikia. "Mimi mume wa yule mwenye farasi wa... wa masharubu."

"Ah. Najua umevunjika moyo, bwana."

"Nimekuja kuomba tuyabatilishe yale ya uwanjani. Mke wangu alichanganyikiwa kidogo."

"Bwana," sauti ya Bi Hesketh ilikuwa kavu tena, "mimi nikishaamua nimeamua. Katika maisha yangu yote sijarudi nyuma, na sitaanza leo kwa sababu mtu amenifuata kwenye chai."

Kijiko kiligonga kikombe. Nje, Mizelli alijikuta anasali kwa maneno yasiyopangika. Sasa atamwuliza anamchukua lini, alifikiri, na yule mama atashangaa, na itakuwa basi.

"Sawa, mama," Manfri alisema mwishowe. "Basi sisi tufanye nini?"

"Mleteni mwakani. Nitakuwapo. Mtunzeni vizuri, mlisheni, na mimi nawaomba sana, mtu asiguse masharubu yake."

Manfri alitoka nje amekunja kofia mkononi. Alimtazama Nelus, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Nimesikia," Nelus alisema. Kamba ilimning'inia.

"Harudi nyuma."

"Nimesikia, bwana!"

*

Mwaka huo hakuna farasi aliyelishwa kama Rawni katika bonde lote la Evesham walikoishi. Manfri, aliyekuwa akilalamikia kila kishada cha majani, sasa alitoka na mundu kila asubuhi kukata nyasi pembeni za barabara, akarudi amelowa mpaka kiunoni. Mali ya watu, alisema, haidhoofu mkononi mwake. Baridi ilipokaza alichukua blanketi la kitandani kwao akamfunika nalo Rawni, na Mizelli akalala na soksi bila kunung'unika. Nelus alipita kila mara kuuliza kama yule mama ametuma mtu. Alijibiwa bado, akala, akaondoka.

Shangazi alikatazwa kusogea na wembe. Hakuutaka tena hata hivyo. Ilipofika majira ya kuchipua, masharubu ya Rawni yalikuwa yamerudi yote, yamejipinda kwa heshima kama zamani, na jamaa wenye macho walisema kwamba mdomo wa juu wa Shangazi nao umeanza kufanya kivuli. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alionekana mwenye raha.

Mizelli ndiye aliyekosa raha kadiri Agosti ilivyokaribia. Akienda Cropley Marsh, atakutana na Bi Hesketh. Neno moja litaleta la pili, na yote yatabomoka mbele ya watu, na Manfri ataonekana mjinga aliyemtunza farasi wake mwenyewe mwaka mzima akidhani ni wa mtu. Hilo la mwisho lilimuuma zaidi. Asubuhi ya maonyesho alimkuta mumewe bandani, ameinama mbele ya Rawni, anamchana masharubu kwa mswaki. Ulikuwa mswaki wake mwenyewe Manfri.

"Manfri," alisema. "Tusiende."

"Tusiende? Pikapu nimekwisha kuosha."

Alikaa kwenye ndoo, akajikaza. "Manfri, yule mama hakumnunua Rawni. Alinipa mkono kuniaga tu. Ndivyo wanavyoagana wale. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza."

Manfri hakugeuka. Alichana sharubu la kushoto, akalipinda ncha kwa kidole kilichotiwa mate.

"Najua," alisema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu hemani. Unadhani kwa nini sikumwuliza bei?" Akahamia sharubu la kulia. "Sasa punguza sauti, Nelus yuko pale nje anakula."

Mizelli alikaa pale pale juu ya ndoo. Alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia, alitaka kumpiga kwa ile ndoo, na hakufanya hata moja kwa sababu Nelus alikuwa amekwisha kuingiza kichwa mlangoni, mdomo umejaa.

"Mnampeleka kwa mwenyewe leo?" Nelus aliuliza.

"Tunampeleka," Manfri alisema kwa sauti kubwa, akainuka, akampiga Rawni kofi la shingoni. "Na safari hii tunashinda, binamu, andika. Jaji gani atamwangusha farasi wake mwenyewe?"